Tairi kipara la boda: Mbao kwa siku inavyotushinda Kitengela

Umeshuka matatu pale Kitengela saa moja jioni. Mvua imepita, na barabara ya kuingia mtaani kwenu imegeuka tope. Wahudumu wanne wa bodaboda wanakukimbilia kwa pamoja. "Boss, twende!" "Madam, soo moja tu!" Wewe unaangalia nini kabla ya kupanda?

Wengi wetu tunaangalia bei. Wachache wanauliza kama kuna helmeti ya pili. Wengine wanamtazama dereva usoni kujua kama amekunywa. Ni nadra sana kumwona abiria akiinamisha macho kuangalia tairi la nyuma.

Hebu kesho jaribu. Pita polepole kando ya steji, iwe ni Kitengela, Isinya ama mjini Kajiado, uhesabu. Utaona matairi ambayo meno yameisha katikati, yamekuwa laini kama mgongo wa sufuria. Utaona mengine ambayo nyuzi zimeanza kuchungulia. Utaona mazima pia, kwa sababu si kweli kwamba wahudumu wote hawajali.

Swali ni hili: kwa nini kijana ambaye unga wake, kodi yake na karo ya mtoto wake vinategemea magurudumu mawili akubali kuendesha tairi lililoisha? Jibu utakalolisikia haraka ni kwamba vijana wa boda ni wakaidi na hawaogopi kifo. Mimi nasema tupige hesabu kwanza, halafu tulaumu.

Kiangazi kinadanganya

Anza na kazi ya tairi lenyewe. Pikipiki nzima, pamoja na dereva, wewe na mzigo wako, inagusa lami kwa sehemu mbili tu, kila moja ikiwa ndogo kama kiganja chako. Breki hata iwe kali namna gani, kinachoisimamisha pikipiki ni viganja hivyo viwili vya mpira.

Ile mifereji kati ya meno ya tairi ina kazi moja kubwa: kutoa maji. Lami ikilowa, maji huingia kwenye mifereji yakatoka pembeni, mpira ukabaki umeshika barabara. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kwenda. Yanabaki kati ya mpira na lami, na pikipiki inateleza juu yake. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unapita karibu mita 17. Ukishika breki wakati huo, tairi linaacha kuzunguka lakini safari inaendelea.

Sasa fikiria hali ya hewa ya Kajiado. Hii ni kaunti kavu. Miezi mingi ya mwaka hakuna mvua, na kwenye lami kavu tairi kipara linashika barabara vizuri tu. Dereva anaendesha Januari na Februari, haoni shida. Kila siku inayopita salama inamwambia kwamba tairi bado liko sawa. Kisha mvua ya Machi inashuka, inachanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagwa na malori miezi yote hiyo, na lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Dereva hajabadilisha chochote, lakini barabara imebadilika.

Ukitoka kwenye lami mambo ni magumu zaidi. Sehemu kubwa ya Kitengela imekaa juu ya ule udongo mweusi wa pamba ambao ukinyeshewa unanata kwenye kiatu mpaka unavua. Kila mtu anakumbuka Aprili 2024, mafuriko yalipowakumba watu wa Athi River na Kitengela. Lakini haihitaji mafuriko. Mvua ya saa moja inatosha kumwangusha abiria kwenye njia za ndani.

Na barabara kuu ya Namanga si ya watoto wa boda peke yao. Ni barabara ya kwenda Tanzania. Trela, malori ya saruji na ya mawe, na mabasi ya Arusha yote yanapita hapo. Ukianguka mbele ya trela, kosa lako dogo linahukumiwa na tani 30.

Mwaka wa 2024, kwa hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA), zaidi ya watu 4,700 walikufa barabarani nchini. Waendeshaji pikipiki ni miongoni mwa makundi yanayopoteza watu wengi zaidi, pamoja na wanaotembea kwa miguu.

Hesabu ya siku moja

Sasa twende kwa pesa. Nambari ninazotumia hapa ni za mfano. Kama wewe ni mhudumu, ziondoe uweke zako.

Tuseme siku imekuwa ya kawaida na umeingiza Sh1,200. Mafuta Sh400. Mkopo wa pikipiki, ama pesa ya mwenye pikipiki kama unaendesha ya mtu, Sh450. Chai, chapati na chakula cha mchana Sh150. Unabaki na Sh200. Hiyo Sh200 ndiyo unga, ndiyo kodi, ndiyo dawa ya mtoto akikohoa usiku.

Tairi jipya la nyuma tuseme ni Sh3,000. Ili ulinunue, unahitaji Sh200 zako zote za siku 15, na katika siku hizo nyumbani wasile. Nani ataweza? Ndiyo maana ukimuuliza atakuambia, "Hii bado inasukuma wiki mbili." Wiki mbili zikiisha, jibu linabaki lilelile.

Lakini geuza hesabu hiyo. Tuseme tairi hilo linadumu miezi sita. Gawanya Sh3,000 kwa siku 180. Unapata takriban Sh17 kwa siku. Hata mbao haifiki. Chapati moja na maharagwe inazidi hapo.

Hapo ndipo penye tatizo lote. Tairi linaisha kidogo kidogo kila siku, lakini linadai kulipwa kwa mara moja. Mkopo ni kinyume chake. Mkopo unadaiwa kidogo kila siku, na usipolipa, kuna mtu anajua. Kampuni za mikopo zimefunga kifaa cha kufuatilia pikipiki, simu inaita, na siku zikipita pikipiki inachukuliwa. Tairi halipigi simu wala halitumi ujumbe. Kwa hivyo katika foleni ya wanaodai, tairi linasimama mwisho kila siku, kimya, mpaka siku ya mvua.

Kama hujawahi kuishi kwa pesa ya siku, usikimbilie kusema ni uzembe. Hata wewe mwenye mshahara una kitu nyumbani unachojua kinahitaji kurekebishwa na bado unasogeza mwezi ujao.

Pancha zinakula polepole

Kibaya zaidi ni kwamba kusogeza hakuokoi pesa. Tairi likiisha, mpira unakuwa mwembamba, na kila msumari, mwiba wa mgunga na kipande cha chupa kinafika kwenye tyubu. Na Kajiado haina uhaba wa miba.

Tuseme unapata pancha mbili kwa wiki, na kila moja fundi anakutoza soo. Kwa wiki nane umelipa Sh1,600. Hiyo ni zaidi ya nusu ya tairi jipya, na bado hujalipata. Ongeza wateja uliowapoteza ukiwa umekaa kwenye kibanda cha fundi ukisubiri gundi ikauke.

Kisha kuna zile dawa za muda. Fundi anakuwekea kipande cha tairi kuukuu kwa ndani ili kuziba palipotoboka. Mwingine anakuuzia tairi la mtumba ambalo kwa macho lina meno, kumbe mpira umekauka miaka mingi ukikaa juani. Mwingine anachonga mistari kwa kisu chenye moto juu ya tairi lililoisha, ili lionekane jipya. Hiyo ya mwisho ndiyo hatari kuliko zote, maana anapunguza mpira uliobaki juu ya nyuzi. Ni afadhali tairi kipara linalokiri kwamba ni kipara.

Mzigo nao unaharakisha mambo. Kitengela watu wengi wananunua maji, na maji yanafika kwa boda. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Funga mitungi sita na umebeba kilo 120 kabla dereva hajakaa. Bissil siku ya soko unaona mbuzi amefungwa nyuma, na pengine mwenye mbuzi naye yuko hapo. Sheria inasema abiria ni mmoja, lakini sote tumeona mshikaki wa watu watatu saa za shule. Yote hayo yanaandikwa kwenye tairi la nyuma, ambalo ndilo linalosukuma pikipiki na kubeba uzito mwingi.

Tulikuwa tukitengeneza

Pengine unajiuliza kwa nini tairi liwe ghali kwa mtu anayelihitaji kuliko wote. Sehemu ya jibu ni kwamba matairi yetu yanatoka mbali, na tunayalipia kwa dola, meli na ushuru kabla hayajafika dukani.

Haikuwa hivyo siku zote. Nairobi kulikuwa na kiwanda cha matairi, kilichoanza kama Firestone East Africa mwaka wa 1969 na baadaye kikawa Sameer Africa, wenye jina la Yana. Mwaka wa 2016 kilisimamisha utengenezaji, uongozi ukisema hauwezi kushindana na matairi ya bei rahisi kutoka nje. Ukifuata barabara hii ya Namanga mpaka Arusha, kulikuwa na kiwanda kingine, General Tyre, ambacho nacho mitambo yake ilinyamaza zaidi ya miaka 15 iliyopita. Yaani barabara moja ilikuwa na kiwanda cha matairi kila upande. Leo inabeba malori yenye matairi ya kutoka Asia.

Sisemi kiwanda kikirudi kesho tairi litakuwa la bure. Lakini tangu 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za injini ndogo, nchi imejaza vijana barabarani na kuita hiyo ajira. Kuingiza pikipiki kulirahisishwa. Kuiweka hai kuliachiwa kijana mwenyewe.

Unakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Wengi wenu mliusoma kifungu kwa kifungu kuliko baadhi ya wabunge. Ushuru wa mazingira uliopendekezwa mle ndani ulitaja matairi. Mwezi mmoja baadaye, Julai, mswada ukiwa umeshaondolewa, moshi wa matairi ulikuwa bado unapanda kwenye barabara ya Namanga pale Kitengela. Tairi linapochomwa, runinga zote zinakuja. Tairi linapoisha chini ya kijana wa miaka 22, hakuna kamera.

Siasa ya helmeti na jaketi

Mwanzoni mwa 2025 nchi ilizozana kuhusu mswada wa Seneta wa Kakamega, Boni Khalwale, wa kudhibiti biashara ya bodaboda. Watu walibishana kuhusu usajili, mafunzo, kujiunga na vyama na vifaa vya kufuatilia pikipiki. Ilikuwa mijadala mikali. Mimi niliifuata, na sikumbuki kumsikia mtu, wa upande wowote, akisimama kuzungumzia tairi.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Trafiki inataka chombo chochote kinachotembea barabarani, pamoja na taa na matairi yake, kiwe katika hali isiyohatarisha watu. Matatu hupelekwa kukaguliwa kila mwaka. Bodaboda nyingi hazijawahi kuona kituo cha ukaguzi tangu zitoke dukani. Afisa akimsimamisha kijana njiani anaangalia leseni, helmeti na jaketi, kwa sababu hivyo vinaonekana kwa mbali.

Wanasiasa nao wanapenda vinavyoonekana. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na tayari unajua kitakachokuja steji: jaketi zenye jina la mheshimiwa, kibanda chenye picha yake, na mafuta ya lita moja moja siku ya mkutano. Jaketi ni nzuri, sikatai. Kibanda kinazuia jua. Lakini hakuna anayetaka picha yake kwenye tairi, kwa kuwa tairi linakanyaga tope.

Usidanganyike pia na hadithi kwamba pikipiki za umeme zitatatua haya. Zinaweza kupunguza gharama ya mafuta, na hiyo ni nafuu kubwa. Tairi lao bado ni mpira, na mvua ya Kitengela haiulizi injini yako inatumia nini.

Mbao ya steji

Kama shida ni kwamba tairi linataka pesa ya mara moja kutoka kwa mtu wa pesa ya kila siku, basi dawa ni kuligawa tairi liwe la kila siku. Na hilo halihitaji Seneti.

Chukua steji ya watu 20. Kila mmoja atoe mbao kwa siku, Sh20, iingie kwenye akaunti ya pamoja ambayo wote wanaona. Hiyo ni Sh400 kwa siku, Sh12,000 kwa mwezi wa siku 30. Kwa bei yetu ya mfano, ni matairi manne kila mwezi. Kwa miezi sita mmekusanya Sh72,000, yaani matairi 24 kwa watu 20. Kila mtu amepata tairi la nyuma, na mmebaki na manne ya kuanzia awamu ya mbele.

Kuna kanuni mbili ambazo bila hizo mpango utakufa. Ya kwanza: tairi lisitolewe kwa kura wala kwa urafiki na mwenyekiti. Litolewe kwa aliye na tairi lililoisha zaidi, mkikagua pamoja. Ya pili: atoke na tairi, asipewe pesa. Pesa ina njaa nyingi nyumbani. Zaidi ya hayo, mkienda dukani kununua manne kwa pamoja, mna nguvu ya kuteta bei ambayo mtu mmoja hana.

Vyama vya kuchangiana si vigeni kwetu. Mama zetu wamenunua masufuria, mabati na ng'ombe kwa njia hii miaka mingi. Steji nyingi tayari zinachangia mazishi na hospitali mwenzao akiumia. Ninachouliza ni kama tunaweza kuchanga mapema kidogo, kabla ya hospitali.

Kampuni za mikopo nazo ziulizwe. Kama mkopo unalipwa kwa miezi 18 na tairi la nyuma linadumu miezi sita, basi kila mkataba unajua tangu siku ya kwanza kwamba matairi yatahitajika njiani. Wanakata pesa kila siku na wanajua pikipiki ilipo kila saa. Hawashindwi kuweka Sh17 za tairi kando kwenye malipo hayo, na kumpa mteja tairi wakati ukifika. Pikipiki ni dhamana yao pia. Ikigongwa na trela wanapoteza. Na serikali ya kaunti, badala ya kibanda kimoja zaidi, inaweza kupeleka siku ya ukaguzi wa bure steji kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, ambapo mtu anaambiwa ukweli kuhusu tairi lake bila kutozwa faini.

Wewe, kabla ya kupanda ama kununua

Kama unanunua tairi, soma ubavuni. Pikipiki nyingi za boda zina nambari kama 2.75-18 mbele na 3.00-18 nyuma: ya kwanza ni upana, ya pili ni ukubwa wa rimu, zote kwa inchi. Usikubali "hii inaingia tu." Tafuta nambari nne za tarehe, 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kama kuna mshale, ufuate mwelekeo wa kuzunguka. Badilisha tyubu pia ikiwa imejaa viraka.

Kama unalo tayari, tafuta herufi TWI ama mshale mdogo ubavuni. Ukiufuata juu utakuta kinundu ndani ya mfereji. Meno yakishuka yakawa sawa na kinundu hicho, tairi limekwisha, hata kama lami ni kavu. Uingereza, pikipiki za injini ya zaidi ya 50cc haziruhusiwi barabarani mifereji ikiwa chini ya milimita moja. Na ukiona nyuzi, usiende hata steji inayofuata.

Kama wewe ni abiria, angalia chini kabla ya kuuliza bei. Ukiona kipara, mwambie dereva kwa heshima: "Kaka, hili tairi limeisha. Nitapanda na mwenzako leo." Hujamtukana. Ukisema wewe, na mwingine akisema baada yako, tairi litaanza kudai kama mkopo unavyodai, kwa sababu litakuwa linamnyima wateja.

Ila usimwambie hivyo kisha umpigie kelele akitaja Sh120 badala ya soo. Hiyo mbao ya juu ndiyo tairi. Ukiing'ang'ania, jua umeibakisha mfukoni mwako na umepanda tairi kipara kwa hiari yako.